Mlango Niliomchagulia Baba

Mota ya mlango wa banda la gari niliichagua mwenyewe, dukani mjini Moshi, asubuhi moja ya Jumanne, na niliichagua kwa makini. Nalisema hili mapema kwa sababu mdogo wangu hupenda kuniambia nisijilaumu, kwamba wakati ule nilikuwa nimechoka na sikujua nilichokuwa nakifanya. Nilijua. Nilimuuliza fundi maswali mengi, na maswali yote yalikuwa na shabaha moja: baba yangu asiweze kuufungua ule mlango.

Baba alikuwa dereva. Kwa miaka mingi aliendesha lori la kahawa la chama cha ushirika, akikusanya magunia huku kwetu Kibosho na kuyateremsha mjini. Alipostaafu alinunua pikapu kuukuu na kuijengea banda la matofali kando ya nyumba, lenye mlango wa chuma unaojiviringisha juu, kama wa madukani. Majirani walimcheka kwamba gari lake linalala pazuri kuliko yeye. Hakujali. Mama alikuwa anauza ndizi sokoni Kiboriloni, na kila siku ya soko, ikifika saa tisa na nusu alasiri, baba alitoa pikapu akateremka kwenda kumchukua. Hakuwahi kumwacha arudi na gari la abiria. Sikumbuki baba akimwambia mama neno tamu mbele yetu, lakini saa tisa na nusu hakuikosa.

Mama alifariki. Mwaka wa nne baada ya kumzika, baba akaanza tena kwenda kumchukua.

Mara ya kwanza mimi sikuwepo. Nilikuwa bado nafundisha hisabati sekondari na nakaa mjini, kwenye nyumba ya kupanga. Jirani alinipigia simu jioni akasema mzee amerudi na mkungu wa ndizi alioununua sokoni, anasema mama yenu kachelewa, kamwambia atangulie. Nilidhani ni utani wa watu wazima. Mwezi uliofuata nilimkuta amepanga vikombe viwili vya chai mezani, na hakikuwa changu kile cha pili. Daktari alimpima, akamuuliza mwezi gani huu, akamwambia ataje vitu vitatu na baadaye avikumbuke. Baba alivikumbuka viwili, kisha akamuuliza daktari kama na yeye ni mtu wa Kibosho. Tulipotoka daktari aliniita pembeni akasema huu ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba utaenda mbele tu, haurudi nyuma.

Niliomba kustaafu mapema nikahamia nyumbani.

Kumzuia mtu aliyeendesha gari maisha yake yote si kazi ndogo. Nilificha ufunguo, akawasha pikapu kwa bisibisi, maana tundu la ufunguo lilikuwa limelika na chuma chochote kilitosha. Nikatoa betri, akamsimamisha fundi aliyekuwa anapita barabarani, akafungiwa nyingine. Nani angemkatalia mzee wa watu aliyesimama kando ya gari lake mwenyewe amevaa koti safi? Nikafunga mlango wa banda kwa kufuli. Akalikata kwa msumeno wa chuma, taratibu, mimi nikiwa kanisani.

Siku hiyo aliyokata kufuli aliipita Kiboriloni bila kuitambua, akashika barabara ya kwenda bondeni, akafika Kahe. Watu wa huko walimkuta amekaa kwenye ukingo wa mfereji wa mashamba, viatu mkononi, gurudumu la mbele la pikapu likiwa ndani ya maji. Walimpa uji, wakanipigia simu. Nilipofika, mwanamke mmoja aliniambia kwa upole kwamba kabla ya kuingia mferejini gari lilikuwa limepita katikati ya watoto waliokuwa wanatoka kwenye mafundisho ya kipaimara. Mwalimu wao aliwavuta. Hakuna aliyeguswa.

Usiku huo sikulala. Niliwaona wale watoto hata kama sikuwa nimewaona.

Mdogo wangu, ambaye anafanya kazi Dar es Salaam, ndiye aliyesema kwenye simu, "Dada, weka mota kwenye mlango. Rimoti ukae nayo wewe. Asiyekuwa na rimoti hafungui, basi."

Ndivyo nilivyofika dukani. Fundi mwenye duka alikuwa mtu wa rika langu, mtaratibu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliniuliza mlango una upana gani, una urefu gani, chuma chake kizito au chepesi. Nilikuwa nimepima kila kitu nimeandika kwenye karatasi. Akanionyesha mota za aina mbili. Ya kwanza ni nyembamba kama bomba, inaingia ndani ya lile bomba ambalo mlango unajizungushia. Haionekani wala haina kelele. Ya pili inakaa pembeni juu, ni nene, inalalamika inapofanya kazi, na inaning'iniza vitu viwili ndani ya banda: kamba nyekundu na mnyororo. Umeme ukikatika, unavuta kamba kuachilia breki, halafu unapandisha mlango kwa mnyororo.

"Nataka hii isiyo na mnyororo," nilisema.

Akasoma karatasi yangu tena. "Hii haitaubeba mlango wako, dada. Ni mzito. Itaungua ndani ya mwezi. Wako unataka hii nene."

"Basi nipe hiyo nene, lakini mnyororo utoe."

"Umeme ukikatika utafungua vipi?"

"Sitafungua."

Akavua miwani. Akaniuliza mlango huo unafunguliwa na nani. Nikamweleza, kwa kifupi, nikiangalia waya zilizotundikwa nyuma yake. Alinisikiliza, akasema mama yake naye alikuwa hivyo. "Nitakufungia," alisema. "Ila kamba na mnyororo siviondoi. Siku mtu akifungiwa ndani, hivyo ndivyo vya kumtoa. Na ningekushauri niweke swichi ukutani, upande wa ndani."

Swichi niliikataa. Alinishauri pia tuweke yale macho mawili ya chini, ambayo mlango ukiwa unashuka na mtu akapita, unasimama. Nayo niliyakataa, sikumbuki kwa sababu gani. Nadhani nilitaka tu kumaliza.

Alikuja Alhamisi. Baba alimletea kiti, akakaa naye akiangalia kazi, na fundi alimwamkia shikamoo, akampa bisibisi amshikie. Walizungumza habari za malori. Kazi ilipokwisha, nilibonyeza rimoti, mlango ukapanda wenyewe, na baba akapiga makofi polepole, kama watu wanavyompigia mtoto aliyesoma somo kanisani. "Hii ni akili kubwa," alisema. "Mama yenu akiona atashangaa."

Fundi alipoondoka nilichukua ngazi. Nikaukunja ule mnyororo na kamba yake nyekundu, nikavifunga juu kwenye mota kwa waya wa kujengea, mahali ambapo baba hawezi kufika.

Kuanzia hapo, kila siku ilipokaribia saa tisa na nusu, alivaa koti lake, akaenda kusimama mbele ya mlango. Siku za soko na zisizo za soko zilikuwa zimeshachanganyika kichwani mwake. Alisukuma kidogo kwa kiganja, akasubiri, akaniita.

"Mwanangu, mlango huu una nini?"

"Umeme umekatika, baba."

"Mbona redio inaongea?"

"Redio ina betri."

Alikubali. Umeme kwetu unakatika mara nyingi, ilikuwa jambo la kuaminika. "Basi ukirudi uniite, nimeshachelewa," alisema, akakaa kwenye benchi la ukumbini na koti lake, mikono juu ya magoti, hadi giza lilipoanza kuingia na nikamwambia twende tukale. Baada ya wiki chache uongo ulinitoka mdomoni kabla hajamaliza kuuliza. Nilimdanganya kila siku kwa zaidi ya mwaka. Na kila siku alinishukuru kwa kumjulisha.

Ile siku ninayotaka kuieleza ilikuwa msimu wa mvua za masika. Mifuko ya pumba za ng'ombe tulikuwa tunaiweka ndani ya banda la gari, palipo pakavu. Baba alikula mtori wa ndizi mchana, akaenda kujilaza. Nilifungua mlango wa banda, nikabeba pumba kwenye ndoo, nikaenda nazo zizini nyuma ya nyumba. Nilipofika zizini nikabonyeza rimoti nikiwa huko huko, nikausikia mlango ukishuka kwa kelele zake. Mvua ikaanza. Nikamlisha ng'ombe, nikasubiri chini ya paa la zizi ipungue, haikupungua, nikakimbilia jikoni nikawasha moto. Saa kumi nilimpelekea chai. Kitanda kilikuwa kitupu.

Nilizunguka nyumba. Nikaingia kihambani, kati ya migomba na kahawa, nikiita. Nikateremka hadi kijito, maji yalikuwa yamejaa, na nikasimama pale nikiangalia yale maji mekundu kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Nikapanda barabarani, matope hadi vifundoni, nikauliza nyumba tatu. Hakuna aliyemwona. Nikaamua kutoa pikapu nimtafute njia ya mjini. Sehemu pekee ambayo sikuwa nimeifikiria ni ile niliyoifunga mwenyewe.

Nikabonyeza rimoti. Mlango ukapanda, mwanga ukaingia polepole kuanzia chini, na nikaviona kwanza viatu vyake, vimevuliwa na kupangwa kando ya mlango wa gari kama anavyofanya mtu anayeingia sebuleni. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, mikono kwenye usukani. Lazima aliingia nilipokuwa naelekea zizini na ndoo. Suruali yake ilikuwa imelowa. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa grisi, na viwili vilikuwa vinatoka damu kwenye kucha. Upande wa ndani wa mlango ulikuwa na alama za viganja, juu na chini. Alikuwa amegonga, na mvua ilikuwa inapiga juu ya bati. Alikuwa amekaa humo gizani kwa muda wa kama saa mbili. Juu ya kichwa chake, mahali asipofika, kamba nyekundu ilikuwa imefungwa kwa waya wangu.

Alinitazama bila hasira. "Wamefungua barabara?" aliuliza.

"Wamefungua, baba."

"Mama yenu atakuwa amelowa," alisema, na hapo ndipo alipoanza kulia.

Nilimwogesha. Nilimsafisha kucha kwa maji ya vuguvugu, naye alinipa mikono yake yote miwili, akiitazama kama ya mtu mwingine. Alikula kidogo akalala. Mimi nilikaa jikoni hadi moto ukazimika.

Kwetu, mtu aliyekosa huchuma jani la sale, lile tunalopanda kwenye mipaka na makaburini, akampelekea aliyemkosea. Likishapokelewa, kosa limeisha. Na mtu akiletewa sale hakatai. Wengi siku hizi wanaona ni mambo ya zamani. Mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kulishika kwa kazi hiyo. Asubuhi ile nilikwenda kwenye mpaka wa shamba, nikachuma moja, nikalikunja fundo kama nilivyomwona bibi akifanya, nikamkuta baba anaota jua mbele ya nyumba. Nikapiga magoti, nikampa kwa mikono miwili.

Akalitazama muda mrefu. Alikuwa hawezi tena kutaja mwezi wala jina langu kila mara, lakini jani alilijua. Uso wake ulibadilika, akakaa wima.

"Umenikosea nini?"

Nikamwambia. Sikumwambia habari ya jana tu. Nilimwambia yote: mota, rimoti mfukoni mwangu, waya, umeme ambao haukuwa umekatika. Nilimwambia kwamba niliogopa atagonga mtoto wa mtu. Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza zamani watu walipomletea kesi zao, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Ulinifungia," alisema.

"Ndiyo, baba."

Kisha akalifunga jani ndani ya kiganja chake. "Nimepokea," alisema. "Inuka, chini kuna unyevu."

Jioni alinikuta jikoni, jani likiwa bado mkononi, limeanza kulegea. Aliniuliza nani amelileta, na ni nani katika nyumba hii aliyekosa. Nilimwambia ni mimi. Akaniuliza umenikosea nini. Sikuweza kusema mara ya pili. Nilimwambia nilivunja kikombe, na akacheka, akasema kwa kikombe tu ndio umletee mtu sale.

Nilimpigia fundi akaja siku hiyohiyo niliyompigia. Aliuona ule waya kule juu. Alipanda akaukata, akaishusha kamba na mnyororo, akaweka swichi ukutani na macho ya chini. Nilimngoja aniseme. Aliagana na baba, akanipa mkono, akaondoka, na ningependa angenisema.

Wiki iliyofuata, saa tisa na nusu, baba alipovaa koti nilifungua mlango mbele yake nikamwambia apande upande wa abiria, leo naendesha mimi. Hakubisha. Tuliteremka hadi Kiboriloni, nikaegesha karibu na mahali wanawake wanapopanga ndizi. Soko lilikuwa linafungwa. Walikuwa wanakusanya maturubai, wanapakia mikungu iliyobaki, wanaitana. Baba aliteremsha kioo akamtazama kila mwanamke aliyepita. Tulikaa hivyo karibu saa nzima. Mwanamke mmoja, aliyewahi kukaa jirani na mama pale sokoni, alimtambua, akaja dirishani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwenzako yuko wapi?"

Mwanamke alinitazama mimi. "Katangulia, baba," alisema, akashika mkono wa baba uliokuwa dirishani, akauachia, akarudi kwenye mizigo yake.

Tukiwa njiani kupanda, baba alisema, "Alikufa. Sivyo?"

Nilisimamisha gari kando. "Ndiyo."

"Mimi nilikuwepo?"

"Ulikuwepo. Ulikuwa umemshika mkono."

"Alisema nini?"

Mama hakusema chochote siku ile. Alikuwa hajitambui tangu jana yake. Nilikuwa nimemdanganya baba mara nyingi kwa ajili ya mlango, na hii ndiyo ilikuwa mara pekee iliyoniuma kumwambia kweli. "Hakusema kitu, baba. Alikuwa amelala."

Alilia kama mtu aliyepata habari muda uleule, na ndivyo ilivyokuwa. Alilia hadi nyumbani. Kesho yake saa tisa na nusu alivaa koti.

Nilimpeleka mara nyingi baada ya hapo, siku za soko nilizoweza. Mara nyingine aliuliza njiani, mara nyingine hakuuliza, na asipouliza sikusema. Mvua zilipokatika na baridi ikaanza, saa tisa na nusu ilipita akiwa kwenye benchi bila koti. Nilimletea koti mwenyewe. Nilimwambia, baba, muda umefika. Aliniuliza muda wa nini. Nilimpa rimoti aibonyeze, labda aone mlango ukipanda atakumbuka; aliigeuza mkononi akanirudishia kwa adabu, akasema si yake. Nilikuwa nimetamani kwa miaka miwili aache kuuliza. Alipoacha niliingia ndani ya pikapu nikalia kwa sauti, naye alikuja akasimama dirishani, akaniuliza kama nimepotea njia.

Alifariki kabla ya Krismasi, nyumbani, asubuhi, nikimlisha uji. Tulimzika kihambani karibu na mama.

Watu walipokwisha kuondoka na mimi na mdogo wangu tukabaki tunaosha masufuria, nilimweleza ile siku ya mvua, kwa sababu sikuwa nimemwambia. Nilimweleza waya, na alama za viganja. Aliacha kuosha. Maji yalimwagika kwenye viatu vyake na hakusogea.

"Ni mimi niliyesema uweke mota," alisema.

"Ulisema mota. Waya hukusema."

"Ningekuwa hapa ningeufunga na mimi."

"Hukuwa hapa."

Sikulisema kwa ukali, lakini lilimwingia, niliona. Aliinama akaendelea kusugua sufuria lilelile ambalo lilikuwa limeshatakata. Baadaye aliniuliza kama baba alimtaja, mwishoni mwishoni. Nilimwambia hakumtaja mtu. Akatikisa kichwa kukubali, akaniomba nimpe sufuria jingine.